Sahihi na Gari Jekundu la Mwalimu

Siku Sahihi alipoliona lile gari, alikuwa amevaa kofia ya mkaguzi wa mita za maji, ingawa maishani mwake hakuwahi kukagua mita wala kulipa bili ya maji. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa aliweza kuiga sahihi ya mtu yeyote, tena akiwa amesimama, kwa kalamu ya kuazima. Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa nyepesi: aingie uani kwa mama wa watu, atikise kichwa mbele ya mita, ataje faini, kisha kwa huruma akubali kupokea nusu.

Mama mwenyewe alikuwa mjane, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye sasa alioka mikate na kuiuza madukani. Sahihi alimkuta bandani akipanga trei ili mikate ipoe. Alizipanga juu ya kitu chekundu, kipana, kilicholala chini kama meza. Meza hiyo ilikuwa na taa mbili na magurudumu manne.

Sahihi akasahau mita.

"Mama, hili ni gari?"

"Ndivyo alivyodai marehemu mume wangu," akajibu Mwalimu bila kugeuka. "La Kitaliano. Alilinunua ana miaka sitini, akaliendesha mara tisa. Injini wameiweka nyuma, sijui kwa nini. Mbele linaingia begi moja tu. Nikipakia mikate, inapondeka."

Injini nyuma! Sahihi aliinama akachungulia kwenye kioo, akahesabu, akahesabu tena: silinda kumi na mbili. Magari ya namna hiyo alikuwa akiyaona kwenye kuta za vinyozi. Papo hapo akamwona na mnunuzi kichwani mwake: tajiri wa mabati, mwenye maduka manne na shingo nene, ambaye akiona jirani ana kitu kizuri huumwa tumbo.

"Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya msibani. "Hili ni mzigo."

"Kweli, mwanangu?"

"Tena mkubwa. Halina nafasi, linakunywa mafuta kama limelogwa, na spea zake hadi ziagizwe ng'ambo. Mimi ningekuwa wewe, ningetafuta pikapu."

Kila neno lilikuwa kweli tupu. Kwa Sahihi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule, nasi tumpe haki yake.

"Pikapu nitaitoa wapi, mjane mimi?"

Ikawa bahati kwamba pikapu ilikuwapo, nje ya geti, ya miaka miwili tu. Sahihi alikuwa ameinunua kwa fedha za kiwanja cha mpira alichomuuzia mgeni mmoja, magoli yakiwa yamesimama. Akasema yuko tayari kubadilishana, si kwa faida, bali kwa vile Mwalimu alimkumbusha mama yake mzazi.

Mwalimu akafikiri. Akasema pikapu peke yake itamletea maneno kwa ndugu wa marehemu, labda iongezewe oveni mpya. Sahihi akabana, akalegea, akakubali. Oveni ilikomba akiba yake yote, lakini oveni ni nini mbele ya bei atakayotoa tajiri?

Sharti la mwisho lilikuwa kuhamisha kadi za magari siku ileile, kila mtu kwa jina lake halisi. Sahihi akatia sahihi yake mwenyewe. Hakuwa na mazoezi nayo. Karani wa usajili alimrudisha mara mbili, akisema haifanani na ya kwenye kitambulisho.

Kesho yake akampeleka tajiri wa mabati kulijaribu. Kuingia tu kulichukua dakika nne, na tajiri alipokaa, magoti yalimgusa kidevu.

"Kutoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa," Sahihi akasema, "sekunde tano."

"Sekunde tano mimi sijamaliza kupiga chafya."

Sahihi akawasha. Mngurumo ulitoka nyuma ya visogo vyao, mabati yakatetemeka dukani. Akaachia klachi, na gari likaruka. Miwani ya tajiri ikahamia kwenye paji la uso. Sahihi mwenyewe alicheka kwa sauti kama mtoto, kwa sababu hakuwahi kushika kitu kinachotimiza ahadi kiasi kile.

Kisha likaja tuta. Tumbo la gari lilipanda juu yake likabaki hapohapo. Sahihi akakanyaga mafuta, akatia gia ya nyuma, akakanyaga tena. Moshi ukapanda.

"Harufu gani hii?" tajiri akauliza.

"Ngozi ya viti, mzee. Ngozi halisi ya Kitaliano."

"Mbona inaungua?"

Wapita njia wawili wakamng'oa tajiri kitini kama jino. Akasema atampigia simu fundi wake kwanza, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Gari lilivutwa hadi gereji. Fundi alilala chini yake kwa muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

"Bosi, klachi imekwisha. Mkanda wa taimingi nao umezeeka. Ukikatika, injini nzima ni chuma chakavu."

"Si ubadilishe?"

"Kuufikia, hadi injini yote ishushwe."

"Kwa ajili ya mkanda?"

"Waliolitengeneza walifikiria mwendo. Mimi hawakunifikiria. Klachi peke yake ni bei ya pikapu nzuri, kama ile mpya ya Mwalimu. Hapo sijataja tairi wala bima. Na kodi wanatoza kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo utalipa kama mwenye mabasi."

"Basi nitaliuza hivihivi."

"Kwa nani? Kila mwenye pesa mjini ameshanileta niliangalie. Hata tajiri wa mabati amenipigia sasa hivi."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli."

Sahihi alikwenda kwa Mwalimu kwa miguu. Akamkuta akipakia mikate kwenye pikapu, oveni mpya ikinguruma taratibu.

"Mama, turudishiane. Hukuniambia kitu!"

"Nikuambie nini tena? Wewe ndiye uliyeniambia. Halina nafasi, linakunywa mafuta, spea hadi ng'ambo. Nikaona kijana anajua magari."

Sahihi akaitazama pikapu, akaitazama na oveni.

"Miaka mitatu nimekaa nalo," Mwalimu akaendelea kwa upole, kama anayemsahihishia mwanafunzi daftari. "Watu waaminifu walikuja wengi. Wote wakaomba fundi alione kwanza, nami siwezi kumficha mtu mwaminifu. Ikabidi nimngoje mjanja."

Akamtazama kuanzia usoni hadi viatuni, vilivyojaa vumbi.

"Umekula lakini?"

Sahihi akatikisa kichwa. Mwalimu akachagua mkate mmoja kwenye trei ya nyuma, wa jana, akamuuzia kwa nusu bei. Sahihi alipapasa mifuko yote miwili, akalipa, akaondoka akiumega njiani.