Miche Mirefu Kuliko ya Tumpe

Jumamosi, 5 Julai 2025
Baridi ya Uyole imekataa kuondoka. Miche yangu ya nyanya ina wiki tatu, haijafika hata urefu wa kidole. Ya jirani yangu Tumpe inapendeza. Tarehe 20 akina mama wa usharika wanachagua kitalu cha kuwapa miche ya shamba lao jipya. Ekari nne! Mwaka jana walikwenda kwa Tumpe. Mwaka huu? Labda nife.

Jumatatu, 7 Julai
Mpwa wangu Ipyana, mwalimu wa baiolojia, kapita kunywa chai. Nikamdodosa. Kumbe mche una homoni! Homoni inaifanya seli imwage asidi kwenye ukuta wake, ukuta unalegea, seli inavuta maji na kurefuka. Tena ipo homoni nyingine ya kurefusha, inauzwa ya unga. Akasema, "Lakini mjomba, unatia kidogo sana kwa ndoo nzima ya maji." Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza asidi.

Jumanne, 8 Julai
Nimekamua ndimu arobaini, nikamwagilia trei mbili. Sayansi oyee!

Alhamisi, 10 Julai
Trei mbili zimekufa. Ipyana kacheka mpaka akakaa chini. Eti asidi hiyo mche unajitengenezea wenyewe, huko ndani. Yangu imeunguza mizizi. Haya. Zimebaki trei kumi. Nimekwenda Mwanjelwa kwa Philbert, muuza pembejeo, nikapata unga wa homoni. Karatasi inasema gramu moja. Karatasi haimjui Tumpe. Nimeweka kijiko kizima.

Jumatano, 16 Julai
Mungu mkubwa! Miche inapanda kama imeitwa. Juzi kidole, leo shubiri! Tumpe kachungulia juu ya ua, akauliza kama huwa naipapasa. Yeye ya kwake huipitishia kiganja kila asubuhi na kuiacha ipigwe upepo, eti ndiyo inanenepa shina. Maskini. Mtu mzima kubembeleza nyanya!

Jumapili, 20 Julai
Akina mama wamekuja baada ya ibada. Mwenyekiti wao, Mama Lea, kastaajabu urefu. Nikavimba kichwa. Akanyanyua trei. Miche ikalala! Yote, upande mmoja. Mashina kama uzi, majani ya njano. Nikasema imechoka na safari. Mama Lea akauliza safari gani, na kitalu kiko hapahapa. Wakahamia kwa Tumpe. Nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Tumpe akanikuta hukohuko. Nikajua amekuja kunicheka. Wala! Miche yake inatosha ekari tatu tu, na ameshawaambia akina mama kwamba ya nne itatoka kwangu. Wamekubali kungoja. Akasema, "Kaka Yotamu, sia upya. Ila unga ule niliouona nikichungulia, katupe." Machozi yalinilenga. Nikasema ndaga, yaani asante, nikautupa mbele ya macho yake.

Jumatatu, 21 Julai
Nimesia trei ishirini. Safari hii hakuna ujanja. Nimeupapasa hata udongo, mbegu zizoee.

Saa sita Philbert kapiga simu. Kapokea dawa mpya, ya kufupisha miche na kunenepesha shina. Ya kufupisha! Tumpe alikataza unga. Hii ni ya maji. Nimeshaifuata. Karatasi inasema matone mawili kwa ndoo.

Nitaanza na kikombe.