Dakika Ishirini hadi Kangeta

Jumatano, 12 Novemba
Siakago. Gitari, jirani yangu wa fotokopi, ametangaza tena kwamba alienda kwa wakwe na Prado. Ya kukodi! Mimi natengeneza simu mlango wa pili, nimechoka kuisikia hiyo Prado. Nikaingia mtandaoni. Embu hadi Meru, angani, kilomita kama sabini. Ndege robo saa. Kangeta, kwao mpenzi wangu Kawira, ni mbele kidogo, nikaongeza dakika tano. Nikampigia babake, Mzee Mbaka, nikamwambia Jumamosi nakuja kuposa kwa ndege, saa nne nashuka. Akasema wazee wataningoja uwanja wa shule. Simu haikusema kama ndege yenyewe ipo. Sikuiuliza.

Alhamisi, 13 Novemba
Mpango safi. Kesho naenda kwa barabara. Jumamosi najificha kando ya uwanja, saa nne natokea na sanduku, nasema ndege imenishusha ikaondoka. Ukungu wa kule utanisitiri.

Kuna jambo la miraa. Kwao huposi bila kitita kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Ghali mno. Muguka wetu wa Mbeere, ndugu wa miraa, ni rahisi, nao hutafunwa vilevile. Nimeufunga vizuri. Nani atafungua mbele ya watu?

Kawira kapiga. Babake ameapa: akidanganywa, binti anapewa Munyi mwenye lori. Akataka niahidi kwamba ndege ipo. Nikaahidi. Nampenda kweli.

Jumamosi, 15 Novemba
Jana gari liliharibika Ishiara, nikalala huko. Nimefika saa tano. Uwanja mtupu, ukungu mzito. Alama za magurudumu zinaanza katikati ya nyasi na kuishia katikati ya nyasi. Nelius, anayeuza chai langoni, akasema mgeni wa ndege alishafika, tunafanana sana, ila viatu vyake havikuwa na tope hata kidogo.

Nikakimbia hadi kwa Mzee. Dirishani nikaona wazee wanatafuna na kucheka. Kwenye kiti cha mgeni, suti yangu ya kijivu, ileile niliyovaa. Ndani yake, mimi. Alikuwa akisimulia safari ya dakika ishirini, hata na kile kikohozi kinachonitoka nikidanganya. Kawira hajawahi kunitazama vile. Niliogopa, halafu nikaona wivu.

Nikapaza sauti kwamba Nthiga ni mimi. Mzee akatoka, akafungua kitita changu. Akasema Nthiga wa kweli ameleta miraa yenye umande, na hakuna mwanamume anayeposa Kangeta na muguka. Akaniita tapeli. Yule wa ndani akaniangalia kwa huruma.

Jumatatu, 17 Novemba
Kawira kapiga, sauti ya furaha. Posa imekubaliwa, Munyi kasahaulika. Ila, akauliza, mbona mikono yangu ilikuwa baridi mno, na mbona niliingia kwenye ukungu bila kuaga?

Nilitaka kumwambia ukweli. Mdomo ulishafunguka. Lakini Gitari alikuwa mlangoni, anasikiliza. Nikasema kwa sauti kwamba harusini nakuja kwa helikopta, dakika kumi.

Sijakata simu, mabati ya paa yakaanza kutetemeka kwa mngurumo. Gitari akatoka, akatazama juu, akauliza mbona nampungia mkono kutoka huko.

Si neno. Safari hii nitatoka siku mbili mapema. Na muguka nitaufunga vizuri zaidi.