Vita Vyangu na Watoto wa Samaki Sahani

Kisarawe, Jumatatu, 6 Juni 1955

Samaki wangu wamezaa. Alhamdulillahi.

Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge kule Soga alipofungasha kurudi kwao, aliniachia sanduku lake la kioo na samaki wawili, mume na mke, bapa na duara kama sahani za pilau, wenye michirizi ya buluu. Aliwaita diskasi. Asili yao mito mikubwa ya Amerika ya Kusini. Nilikuwa nimekwenda Soga kugombana na karani wa mizigo. Katika watu wote wa pale, mimi peke yangu nilimwambia Mgiriki kwamba anawalea vibaya. Akasema basi, chukua.

Namshukuru Wilbrod, fundi wa reli wa huko Soga, aliyewaleta ndani ya debe bila kumwaga. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na njia nzima aliwaambia watu kwamba anapeleka kitoweo. Namshukuru Tatu, mke wangu, aliyeondoa kabati lake la vyombo sebuleni ili sanduku lipate pa kukaa. Hakusema neno. Alisema mengi baadaye, lakini wakati ule hakusema neno.

Nimewapandia majani ya mtoni kutoka Vihingo. Nawapa maji ya mvua. Nawalisha viluwiluwi vya mbu kutoka pipa ambalo Bwana Afya akiliona atanishtaki. Watoto ni wadogo mno, macho na mkia tu.

Jioni nikatangaza habari barazani, kwenye kahawa. Mwinyimadi akasema watakufa kabla ya Jumamosi. Huyu ni hasimu wangu tangu chuo cha Kurani. Nikiandika gazetini kwamba mvua inalowesha, wiki ya pili anaandika kwamba hailoweshi. Tukawekeana ahadi mbele ya watu. Watoto wakiwa hai Jumamosi, atasoma makala yangu mpya kwa sauti, yote, amesimama. Wakifa, naweka kalamu chini mwaka mzima. Kisha Kibwana, muuza kahawa, akauliza kama mwaka mmoja unatosha.

Jumanne, 7 Juni

Msiba wa maadili. Watoto wanawala wazazi wao.

Nimekaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Hawagusi viluwiluwi. Hawagusi kiini cha yai. Wamemganda mama yao ubavuni, wanamdonoa ngozi. Mama akichoka anajipukusa, kundi zima linahamia kwa baba. Baba amesimama tuli kama mlipa kodi. Ngozi zao zimetoka ute mweupe. Ni huzuni hiyo, bila shaka.

Miaka ishirini naandika dhidi ya wanaokula jasho la wenzao. Sasa wamekuja kulila sebuleni kwangu, mchana kweupe. Nikaanza makala papo hapo: “Ole Wao Wanaokula Waliowazaa”. Kisha nikachukua kata na beseni la kufulia, nikawateka watoto wote, nikawaweka mbali.

Tatu akauliza wachanga wale watakula nini bila mama yao. Nikamjibu kwamba kila mtu atakula kwa jasho lake. Akasema samaki hatoki jasho. Namshukuru kwa hoja hiyo. Nimeiingiza kwenye makala na kuipinga.

Jumatano, 8 Juni

Beseni limetulia. Nilidhani ni nidhamu. Sasa naona wengine wanaelea kiubavu.

Nimewasagia maini ya ng'ombe. Hawataki. Nimewatilia maziwa ya mbuzi wa Tatu. Maji yakawa meupe, nisione kitu. Kwa muda mfupi nilipata amani. Nilipobadilisha maji, waliokufa walikuwa wengi.

Ndani ya kioo, mama amegeuka mweusi na hataki kula. Anazunguka kila pembe, ananyanyua majani, anarudi. Baba anamfuata. Nimewasomea makala ili wajue nimewakomboa. Wamejificha nyuma ya jiwe.

Naogopa, wala si aibu kuandika humu. Mwaka mzima Mwinyimadi ataandika bila kujibiwa. Atasema lolote kuhusu muhogo, na hakuna atakayemkanusha. Mimi bila kalamu ni mzee mwenye samaki.

Tatu amekwenda kwa jirani anayesafiri Soga, amekaa huko kitambo. Namshukuru kwa kuniacha nifikiri.

Alhamisi, 9 Juni

Adhuhuri kilio mlangoni. Wilbrod, gunia kichwani kama mfiwa, analia kwa sauti ya kuita mtaa mzima kwamba mimi, Mfaume, nimeua ukoo. Nikamwambia waliobaki ni wazima. Akasema ndivyo wasemavyo wauaji wote.

Kila mtu hapa anajua haki ya mtani msibani. Huishika maiti, haizikwi mpaka apewe chochote. Basi Wilbrod akalinyakua beseni. Akatangaza kwamba wafu na wagonjwa wote watazikwa kwao, kwa baba na mama yao. Akamimina lote ndani ya kioo. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya sanduku na mchi wa Tatu mapajani, akasema hakuna mkono utakaoingia humo mpaka apewe jogoo.

Majirani wakacheka. Jogoo tunaye. Nikakataa kwa ajili ya msimamo. Siwezi kulipa ushuru ili niingize mkono kwenye sanduku langu mwenyewe. Akasema, “Sawa, mtani, nina likizo.”

Sijui nani alimpelekea habari. Tatu alikuwa anaosha sufuria, amenipa mgongo, mabega yanamtikisika. Nadhani ni huzuni.

Ijumaa, 10 Juni

Wamefufuka. Walio hai wameshika ubavu wa mama, matumbo yamejaa, wanakwenda mbio. Mama amerudisha rangi. Alhamdulillahi, mara nyingi.

Sababu ni wazi. Nidhamu ya beseni imewatengeneza, na sasa wanambusu mama yao kumwomba radhi. Nimeongeza sura hiyo kwenye makala.

Tatu amemchinja yule jogoo, Wilbrod amekula. Nimepinga kwa maneno tu. Kipapatio kilikuwa kizuri.

Jumamosi, 11 Juni

Baraza zima limehamia sebuleni kwangu. Mwinyimadi ameinama mbele ya kioo hadi miwani ikagonga. Akasema wako hai. Akasimama, akasoma makala yote, kurasa kumi na moja, bila kuruka. Nyuma yake watoto waliendelea kumdonoa mama. Alipofika pale panaposema mzazi atenganishwe na mtoto mara moja, Kibwana alikohoa sana.

Alipomaliza akaniambia hakubaliani na neno hata moja, lakini anafurahi kwamba nitaendelea kuandika, maana mwaka mzima angemjibu nani. Nilijifanya kufuta miwani.

Jumapili, 12 Juni

Nawashukuru wote. Mgiriki, Wilbrod, Tatu, hata jogoo. Nimeamka mwepesi, kalamu mkononi.

Nikatoka uani. Mbuzi wa Tatu ana mapacha. Sikuwahi kuwatazama vizuri. Wanampiga mama yao vichwa tumboni na kumvuta kwa nguvu, naye amesimama tuli, macho mbali.

Nimekwenda kwa Mwinyimadi kuazima kamba za kuwafungia mapacha. Amenipa bila kuuliza. Namshukuru.