Kukataliwa kwa Makohozi ya Mchango

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Salaam, na pole na kazi, maana kuchungulia yaliyomo vifuani mwa watu kutwa nzima si jambo dogo. Mimi ni fundi seremala, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ugonjwa wa baba mdogo. Daktari alikataa kumtibu mzee huyu mapafu kwa kubahatisha. Alitaka makohozi yapimwe kwanza, ajulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Akampa kikopo.

Asubuhi mzee alikohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini kikopo kikabaki kikavu. Sasa ndugu yangu, ukoo wetu hauachi mtu wake aaibike. Tumechangia harusi, misiba na paa la shangazi. Tushindwe na makohozi? Niliitisha kikao, tukachanga. Haba na haba hujaza kibaba, na kweli kifuniko kilikataa kufunga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu wako wa dirishani, yule binti wa miwani, alikiinua kikopo kwenye mwanga, akamtazama mzee anavyohema, akauliza: "Haya yote ni ya babu, au mmemsaidia?" Nikajibu kwa fahari kuwa tumemsaidia sote. Badala ya kutupongeza, akakitupa kwenye ndoo nyekundu mbele ya wachangiaji.

2. Alidai eti mzee angepewa dawa ya mdudu wa mtu mwingine. Ubaya uko wapi? Damu yetu ni moja. Mdudu akimwingia mmoja wetu, huyo ni mgeni wa wote.

3. Shangazi alitoa mate matupu, nami nilimkemea palepale. Lakini mimi nilitoa zaidi ya nusu bila hata kujikaza, maana vumbi la mbao limenijalia kikohozi chenye baraka tangu mvua zilizopita. Kumwaga mchango wa mtu kama mimi ni utovu wa shukrani.

4. Alimfundisha mzee asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka chini kabisa. Likatoka tone moja la kunata, la kuaibisha mbele za watu, na binti akalipokea kama dhahabu! Kisha akanipa na mimi kikopo, mimi msindikizaji. Nilikijaza kwa hasira.

Kwa hiyo naomba maabara itambue makohozi yaliyopitishwa na kikao halali. Pia huyo mdudu mnayemwotesha kwenye visahani vyenu ili mumjaribie dawa aandikwe kwa jina la ukoo, na dawa zikitoka tugawane, kila mchangiaji na kidonge chake. Sitanii. Baba mdogo ndiye aliyenilea na kunishikisha randa. Nikimsikia anavyohema, chakula hakipiti.

Wasalimie wote hapo maabara, na mfagizi, na hata binti wa miwani.

Wako katika umoja,
Mwenyekiti

Nyongeza: Bahasha imekaa siku kadhaa sijaifunga, na majibu yametoka. Baba mdogo ana nimonia. Dawa mliyoichagua imemkubali, na leo ameomba uji, kisha akalalamika hauna sukari. Kifua kikuu ni changu mimi. Kumbe nusura tummezeshe mzee dawa zangu huku ugonjwa wake ukimmaliza. Shangazi ameshaitisha kikao tugawane vidonge vyangu. Nimekivunja. Kesho nawaleta wote hapo dirishani, kila mtu akohoe chake.