Gari ya Babu Yanitoa Jasho Ukweni

Jamani, aibu niliyoipata leo Kitale, masikio bado yanawaka moto! Nawaambia nyinyi mapema kabla baba mdogo hajawasimulia, maana yeye lazima ataongeza chumvi.

Mnajua leo ndiyo nilikuwa naenda kwa kina Nekesa kujitambulisha rasmi. (Miaka mitatu ya mapenzi, na baba yake bado ananiita "yule wa Bungoma".) Nikapiga shati pasi mara mbili. Nikamchukua baba mdogo awe msemaji wangu. Nikabeba na ile picha ya babu.

Picha mnaijua, nimewasumbua nayo humu kundini vya kutosha. Miaka ya hamsini, marehemu babu ameegemea boksibodi, zile gari za zamani zenye nyuma ya mbao. Mkono kiunoni, kidevu juu. Wiki mbili mmebishana ni gari aina gani, wengine mkahesabu hadi spoki za magurudumu. Mimi nilichojua ni kimoja: ni gari ya babu. Nikaitilia fremu.

Basi tukakaribishwa. Maombi, chai, kuku. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akainua picha juu.

"Sisi watu wa Kanduyi, kule Bungoma, hatukuanza kuendesha juzi! Wenzetu wakitembea kwa miguu, mzee wetu alikuwa na hii!"

Baba Nekesa akanitabasamia kwa mara ya kwanza. (Hapo ndipo ningeaga nijiendee zangu. Lakini wapi!)

Fremu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa babu yake Nekesa, mzee wa miaka tisini na kitu, aliyekuwa anasinzia kwenye kiti chake. Akavaa miwani. Akaisogeza mpaka puani. 

"Hii gari naijua."

Nikafurahi! Kumbe jibu mlilolikosa nyote liko ukweni. "Ni aina gani, babu?" nikauliza. (Mdomo huu!)

"Aina ati? Mimi najua hapa ilipobonyea, kwa madigadi, juu ya gurudumu. Niliigonga mimi kwa lango la shamba la Mzungu wangu, kule mahali panaitwa Kwanza. Nilikuwa dereva wake."

 Baba mdogo akaketi.

"Siku hiyo niliiacha mbele ya duka la Mhindi hapa mjini, nikaingia kununua mafuta ya taa. Kutoka, napata jamaa ameiegemea, anapigwa picha! Nilimfukuza, bana! Si mnaona suruali ameiingiza ndani ya soksi? Huyo alikuja na baiskeli."

Watu wote wakainama kuangalia soksi. Miaka yote hiyo picha iko ukutani kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuangalia soksi.

Nikatamani ardhi ipasuke. Nekesa kaficha uso kwa leso. Baba yake, lile tabasamu limezima kabisa. Nikajua mke nimemkosa, na roho iliniuma, sitanii.

Mzee akaniuliza polepole, "Picha alitaka ya nini?"

"Kumbe ni ya kupeleka ukweni, babu. Nyanya alituambia aliletewa kabla ya posa."

"Na alimpata?"

"Alimpata. Walikaa pamoja mpaka kifo."

Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akafuta machozi, akamgeukia mwanawe. "Babu yake nilimfukuza mimi. Huyu mwacheni akae."

Baba Nekesa akajaribu kununa, akashindwa, akacheka na yeye. Nikaongezewa kuku. Mazungumzo yakaendelea, na siku ya kurudi na wazee tukapewa. Nikapumua.

Sasa tunaagana nje. Mzee akaja na fimbo yake mpaka kwa ile gari nyeupe tuliyokuja nayo. Akaizunguka yote. Akapapasa madigadi.

"Na hii, mjukuu wangu, ni yenu?"

Baba mdogo akaangalia mawingu. Mimi nikaangalia soksi zangu.

Wafula, najua uko humu unasoma. Gari yako iko njiani inarudi, na mafuta nimejaza. Tafadhali, wewe hasa, usicheke.