Mshumaa Wenye Urefu wa Hasi Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Sihangaiki tena na maboksi ya yule mama. Nitayapita kwa akili.

Niweke mambo sawa, ili hata wajukuu wakija kusoma waelewe. Niliomba chuoni kozi ya ufundi wa friji. Wakanipa mtihani mdogo wa hesabu wa kuingilia. Mtihani ukanionea. Sasa kabla ya kugusa friji hata moja, lazima nimalize Hisabati ya Msingi, darasa la watu wazima ambao hesabu ziliwapita pembeni utotoni. Nyumbani sijasema. Nyumbani wanajua niko kwenye friji tangu Januari. Mama mkwe ameshaleta friji yake mbovu. Imesimama sebuleni kati ya kochi na televisheni, inanisubiri nihitimu. Kila nikikaa kula tunatazamana.

Mwalimu tunamwita Bi Maboksi. Haandiki ubaoni, hahutubii. Kila moduli ni boksi moja: karatasi ya maelekezo, kamba, tepu ya kupimia, mkasi, vigae vya rangi. Unafanya kwa mikono, unamweleza ulichokiona, akiridhika anakupa boksi linalofuata. Kila mtu na mwendo wake. Yapo matano. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, na asiyemaliza nafasi yake kwenye kozi anapewa mwingine. Nimemaliza mawili. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anataka ufundi umeme na tuko naye meza moja. Yeye yuko la nne. Anatembea chuoni utadhani alikijenga yeye. Ameapa hatanitaja nyumbani.

Nisiwe mchoyo: boksi la pili lilinikosha. Unakunja karatasi, unakunja tena, unapaka rangi, unaona kwa macho yako. Miaka yote nilidhani moja ya nane ni kubwa kuliko robo, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka shemeji akaniuliza kama naumwa.

Lakini muda hautoshi. Mpango ni huu: nimepata majibu ya boksi la tatu kwa dada mmoja aliyesoma darasa hili muhula uliopita. Amenipa bila hiyana. Alicheka kidogo wakati ananipa. Sikuuliza kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimejua kwa nini.

Boksi la tatu ni la uwiano. Unapima urefu wako, unapima mikono ikiwa imenyooshwa, unalinganisha. Nilinakili vizuri, mwandiko wa kupendeza, kila namba mahali pake. Bi Maboksi akasoma. Hakukunja uso. Akaniomba nisimame mlangoni, pale alipobandika tepu ukutani. Akanipima. Sentimita mia moja themanini na tatu. Kwenye karatasi yangu nilikuwa na mia moja arobaini na nane.

Akanipongeza kwa kukua haraka. Darasa likaangua kicheko. Shemeji alicheka mpaka akashika meza.

Nimerudishiwa boksi. Niseme ukweli, nimerudi nyumbani nikimvulia kofia yule mama. Hebu fikiria: ametunga maswali ambayo majibu yake yako mwilini mwa mtu. Utaiba vipi? Ungeniambia mwalimu wa hesabu ana akili ya aina hii ningekubishia. Mimi ni mtu wa mipango, na mtu wa mipango akikutana na mwenzake anamjua.

Alhamisi, 6 Machi

Boksi la tatu limekwisha. Nimelifanya kihalali, kwa kukosa njia nyingine. Jana mke wangu alinikuta nimelala chali sebuleni, mikono nimeitanua, tepu kifuani. Akauliza napima jeneza la nani. Nikamwambia fundi friji lazima ajue kama atapenya nyuma ya mashine. Akanitazama, akaitazama friji ya mama yake, akarudi jikoni.

Boksi la nne ni la namba hasi. Bi Maboksi amechora mstari wa chaki kwenye korido nzima: sifuri katikati, chanya huku, hasi kule. Unatembea hesabu kwa miguu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nipange foleni nyuma ya shemeji, nifuate miguu yake. Shemeji akageukia upande usio wake, akaishia chooni. Nikabaki peke yangu na hasi mbili mara hasi tatu.

Sheria yake ni kwamba hasi ya kwanza inakugeuza, ya pili inakutembeza kinyumenyume. Nikasimama kwenye sifuri, nikageuka. Nikatembea kinyumenyume hatua mbilimbili, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgongo wangu ukatua kwenye chai ya makamu mkuu wa chuo.

Makamu mkuu alikuwa na mengi ya kusema. Bi Maboksi akamwomba radhi, kisha akaniuliza mimi niko wapi. Nikatazama chini. Chaki ilisema sita. Chanya. Nikamwambia niko kwenye sita, Mwalimu, nimekwenda mbele kwa sababu nimekosea mara mbili. Akasema hayo ndiyo maelezo bora aliyosikia mwaka huu, na akanipa boksi la tano makamu mkuu akiwa bado anajipangusa.

Nilifurahi. Sikutegemea. Kuanzia shule ya msingi hakuna mtu aliyewahi kutumia neno bora na hesabu zangu katika sentensi moja.

Ijumaa, 7 Machi

Boksi la mwisho. Shemeji naye yuko hapo. Tumelingana, na ameanza kunikwepa.

Kazi yenyewe: tafuta nyumbani kitu kinachoongezeka au kupungua taratibu. Kipime mara kumi na mbili, kila baada ya nusu saa. Chora nukta, pitisha mstari, eleza kanuni yake. Shemeji amechagua bomba lao linalovuja, anaweka ndoo chini.

Mimi nimechagua mshumaa, ila sitauwasha. Bi Maboksi alinikamata kwa sababu alikuwa na mwili wangu pale mlangoni. Mshumaa ukishaungua haupo, na hawezi kuusimamisha mlangoni. Nitaandika namba za kichwani. Nashangaa wenzangu hawajaliona hili.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya kazi kutwa. Kughushi si mchezo.

Asubuhi nilidhani ni suala la kuandika namba tu. Nikaanza na mshumaa wa sentimita ishirini. Nikachora nukta, zikawa zimetawanyika ovyo. Nikaona lazima nipate kasi kwanza: sentimita mbili kila nusu saa. Nikachora upya. Safari hii mstari ukanyooka mno, kila nukta juu ya mstari, hakuna mshumaa mwenye nidhamu hiyo. Nikakumbuka vipimo vya boksi la tatu, jinsi vilivyoyumba kidogo huku na huku. Nikapandisha nukta moja, nikashusha nyingine, nikahakikisha mstari unapita katikati yao kwa haki. Nikaandika kanuni: ishirini, toa mbili mara idadi ya nusu saa. Nikaijaribu kwa kila safu. Inakubali. Mara kumi na mbili, kama alivyoagiza.

Mke wangu aliniletea chai mara mbili bila kuombwa. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Akauliza friji na mshumaa vina uhusiano gani. Nikamwambia vyote vina joto. Akasema sawa.

Kule kwa shemeji, nasikia alikaa karibu na ndoo, akasinzia, ndoo ikafurika. Namhurumia. Siku nzima kupima maji ya kweli, na hana hata mstari.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yalianza vizuri mno.

Bi Maboksi alitandika karatasi yangu mezani, akawaita na wengine waje waone. Akasema mstari umepitishwa kwa busara. Akaniuliza ile mbili kwenye kanuni ni nini, nikamwambia ni kasi ya kuisha. Ishirini je? Ni pale ulipoanzia kabla ya moto. Nilijibu bila kutazama karatasi. Nilisikia sauti yangu nikashangaa ni ya nani.

Kisha kidole chake kikashuka mpaka safu ya mwisho. Saa sita baada ya kuwasha: urefu, hasi nne.

Akauliza, kwa upole kabisa, mshumaa wenye urefu wa hasi nne unaonekanaje.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwingine. Nikamwambia uliendelea kuungua, Mwalimu, ukaingia kwenye meza. Akauliza kama meza ina shimo la sentimita nne. Nikasema ndiyo. Akasema ni jambo kubwa sana kwa hisabati, na angependa kuiona hiyo meza kabla ya Ijumaa.

Shemeji amekubaliwa boksi lake. Alieleza kwamba mstari wake unapanda, halafu unalala kwa sababu ndoo ilijaa. Amepita. Kwa kusinzia.

Jumatano, 12 Machi

Leo hatuna kipindi. Nilingoja mke wangu aende dukani, nikachukua patasi, nikaigeuza meza ya sebuleni nipate mahali pazuri pa shimo. Nilipopima ubao nikakuta una sentimita mbili na nusu. Shimo la sentimita nne lingetokea upande wa pili na kubaki na deni. Nikakaa sakafuni. Nikaangalia mstari wangu, nikaona kosa lilipo: pale ulipogusa sifuri ulitakiwa usimame. Mshumaa umekwisha. Kanuni inaweza kuendelea kuhesabu mpaka kesho, lakini hakuna kitu cha kuhesabu. Niliona wazi kabisa, patasi mkononi.

Mke wangu akaingia. Alikuwa amesahau mkoba.

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamweleza yote: mtihani, darasa, maboksi, hasi nne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anajua. Alijua tangu wiki ya kwanza, mdogo wake alimwambia siku ileile aliyoapa. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema katika ndoa yetu yote hajawahi kuniona nikikaa na kitu kimoja kutwa nzima, na Jumapili alipokuwa ananiletea chai aliogopa kunikatiza.

Nilirudisha meza kwenye miguu yake.

Akatoa mshumaa kwenye droo, akaniamuru niuwashe. Tukakaa nao pamoja tangu saa tatu asubuhi, yeye na saa, mimi na rula. Na jamani, mshumaa wa kweli ni ovyo. Mwanzo uliungua mbio kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Tukalifunga, ukapunguza mwendo. Mstari ukavunjika goti katikati. Kabla ya kipimo cha kumi ukazimika wenyewe kwenye kisahani. Nikamwambia tumeharibikiwa, bado safu tatu. Akasema niandike sifuri. Nikamuuliza zote? Akauliza kwani nauona urefu mwingine wapi.

Sifuri, sifuri, sifuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita.

Nilimpelekea Bi Maboksi karatasi mbili, ya mshumaa wa kweli na ile ya uongo. Nilimweleza goti la mstari na dirisha, nikamweleza kwa nini mwisho umelala. Halafu nikamweleza nilivyoughushi ule mwingine: kasi kwanza, kisha mstari, kisha kuyumbisha nukta ili zisishukiwe. Alisikiliza hilo la pili kwa makini kuliko la kwanza. Akasema mtu asiyejua mstari hawezi kuudanganya kwa ustadi huo, na kwamba wanafunzi wake wengi wanaopima kweli hawaelewi nilichokielewa kwa kutopima.

Akasaini. Kisha akauliza kama anaweza kubaki na mshumaa wangu wa uongo. Anataka kuuweka ndani ya boksi la tano, moduli mpya: mtu huyu anasema alipima mshumaa, tafuta mahali anapodanganya.

Yule mama hatupi kitu. Mtu anamletea uongo, yeye anaufanyia somo. Nilitoka nje nikasimama koridoni, karibu na ile chaki, nikatokwa na machozi kidogo. Shemeji akapita. Nikamwambia ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi

Kozi ya friji inaanza kesho. Kazi ya kwanza tumeshapewa wakati wa kujiandikisha: pima joto la friji ya nyumbani kwa wiki nzima, chumba cha chini na kile cha juu cha kugandishia barafu, chora mistari miwili.

Friji ya hapa haiwaki hata taa. Si tatizo.

Nimetafakari yaliyotokea, na hesabu haidanganyi. Mshumaa wa kweli ulinipatia saini moja tu. Wa uongo umeingia kwenye boksi na utasomwa na vizazi. Mtu mwenye akili anajua aongeze juhudi wapi.

Kwa hiyo nimekaa tangu asubuhi na nimeshamaliza mpaka Jumapili ijayo. Chumba cha chini: nne, nne na nusu, nne, tano. Nimeyumbisha vizuri. Chumba cha barafu ndicho nilichokiangalia kwa makini zaidi, maana mimi kosa moja silirudii: tano, sita, tano, tano na nusu. Hakuna namba hasi hata moja. Safari hii hawanipati.

Mke wangu alichungulia begani kwangu, akauliza kama kuna barafu inayoganda kwenye nyuzi tano. Nikamwambia mambo ya ufundi awaachie mafundi. Alikwenda kwenye droo, akatoa mshumaa mpya, akausimamisha juu ya friji ya mama yake, mbele ya macho yangu.

Labda amesikia umeme utakatika.