Difu, Loku na Mama Mkwe wa Vitufe

Habari aliileta Kipaza, yule fundi cherehani ambaye hata akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia. Alifika kijiweni asubuhi ile simu ikiwa juu kama ameshinda kombe.

"Msafara wa mheshimiwa umekwama! Pikapu nne mpya, milango minne kila moja, zote zimezama kwenye tope! Na mnajua alikuwa anaenda wapi?"

"Wapi?"

"Kuzindua barabara!"

"Barabara gani?"

"Hiyohiyo iliyomkwamisha!"

Benchi zima likalipuka. Shangazi, muuza kahawa wetu, alicheka mpaka akamimina kahawa nje ya kikombe. Mimi kinyozi nilikuwa nimemwacha mteja kichwa nusu, nikasema nisikilize dakika moja tu.

"Ngojeni niwaambie," alisema Grisi, makanika wa gereji ya pembeni, mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi. "Hao wamekosa loku. Basi."

"Loku ya mlango?" Kipaza aliuliza.

"Loku ya difu, wewe! Lete vikombe viwili." Alivipanga juu ya benchi. "Haya ndiyo matairi ya nyuma. Katikati hapa kuna difu, kazi yake kugawa nguvu ya injini. Kwenye lami anagawa vizuri tu, kwa sababu ukikata kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lakini difu ni mvivu! Tairi moja likiingia kwenye tope likaanza kuteleza, difu anasema aah, huku ndiko kwepesi, anamwaga nguvu zote huko. Moja linacheza ngoma, mwenzake aliyekanyaga pakavu amekaa kama mgeni rasmi."

"Na loku?"

"Loku inayafunga pingu. Ukizunguka, nazunguka. Ukisimama, nasimama."

"Kama mimi na mke wangu madukani," alisema Kipaza.

"Pikapu yangu ina loku," Grisi akajipiga kifua. "Naivuta kwa mkono, kwa mpini wa chuma. Miaka kumi na moja sijawahi kusukumwa na binadamu."

Hapo ndipo Vitufe alipoweka kikombe chini. Zamani tulikuwa tunamwita jina jingine, lakini tangu anunue pikapu yenye vitufe vingi kuliko koti la jeshi, jina likahama.

"Grisi, hayo ni mambo ya babu zetu," alisema taratibu, kwa huruma. "Gari langu lina kompyuta. Inaitwa trakshen. Tairi likitaka kuteleza, kompyuta yenyewe inalikamata breki, nguvu inahamia kwa mwenzake. Mimi huku nakunywa kahawa."

"Na tope likiwa zito?"

"Inapunguza moto wa injini, tairi lisichimbe."

"Yaani uko katikati ya tope, unaomba nguvu, gari linakupunguzia?"

"Kwa usalama wangu!"

"Kwa usalama wako ulale hukohuko!"

Shangazi aligonga birika kwa kijiko. "Jamani, taratibu. Mama mkwe wake yumo garini."

Kweli, alikuwemo. Vitufe alikuwa ametoka kumchukua kliniki ya macho, akaomba ruhusa ya kikombe kimoja tu. Mama alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, miwani mipya puani, akiijaribu kwa kusoma kila kitu. Alikuwa amemaliza vibao vya maduka, sasa amefungua kisanduku cha mbele akatoa kitabu cha gari. Huyu mama alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote, hakuna maandishi madogo yaliyowahi kumpita. Na Vitufe mwenyewe alishatuambia: miaka tisa ya ndoa, mama hajawahi kucheka hata utani wake mmoja. Alikuwa anasema tu, "Nimesikia, mkwe."

Grisi akanyoosha kidole nyuma ya ghala la mbao. Kule kuna kiwanja kilichochimbwa kupitisha bomba, kikafukiwa kijuujuu, na mvua ya siku tatu ilikuwa imekigeuza uji.

"Kompyuta yako ikivuka pale, mimi nafunga gereji nauza maandazi."

Vitufe alitazama kiwanja. Akatazama gari. Akamtazama mama mkwe. Ukishamwambia mtu mbele ya mkweo kwamba mambo yake ni ya babu zetu, huwezi tena kusema una haraka.

"Mama, naomba ushuke kidogo. Kuna jambo dogo la kiufundi."

"Nimeshakaa," alisema mama, akafunua ukurasa.

Basi wakaondoka. Mita kumi za mwanzo pikapu ilikwenda kama iko kwenye zulia. Vitufe akatoa mkono dirishani, akatupungia. Mita ya kumi na moja taa ya njano ikaanza kupepesa. Akakanyaga mafuta, injini ikakohoa. Akakanyaga zaidi, ikakohoa kwa adabu zaidi. Gari likatulia, likaanza kushuka polepole kama mtu anayejiandaa kulala.

"Inafikiria!" alipiga kelele Vitufe.

"Iambie isikimbilie jibu!" Kipaza alijibu. Nadhani hata mheshimiwa alisikia.

Grisi alicheka mpaka akashika goti. Kisha akaenda kuleta pikapu yake, kuukuu, mlango mmoja bluu mwingine kijani. "Sogeeni muone chuma!" Akaingia topeni kinyumenyume, kamba tayari, akavuta mpini wake wa loku kwa nguvu zote za miaka kumi na moja.

Mpini ukang'oka ukabaki mkononi.

Akautazama. Sisi tukautazama. Nchani kulikuwa na kutu na kipande cha zulia. Tairi lake la kushoto likaanza kusaga tope na kuturushia, mimi shati, Kipaza mdomoni. La kulia lilikuwa limetulia tuli.

"Grisi," alisema Shangazi, "huyo wa kulia ndiye mgeni rasmi?"

Grisi akajikuna kichwa kwa mpini. "Nimekumbuka. Difu niliibadilisha. Nilipata nyingine kwa watu wa vyuma chakavu. Sikuuliza kama ina loku."

"Lini?"

"Mwaka wa pili."

"Kwa hiyo miaka tisa unavuta zulia?"

Tulikuwa bado tunashikana mabega kwa kicheko pale sauti ya mama mkwe iliposikika kutoka kwenye gari lililozama, tulivu kama inaita mashahidi.

"Mkwe. Hiki kitufe chenye picha ya matairi na alama ya X, ni cha nini?"

"Hicho cha kupasha kiti joto, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Nilikibonyeza siku moja nikahisi joto."

"Mwezi gani?"

"Wa jua kali," alikiri Vitufe. Mama akasogeza miwani. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. 'Loku ya difu ya nyuma. Simamisha gari. Weka gia nzito. Bonyeza kitufe, subiri taa iache kupepesa. Kizuia mtelezo kitajizima chenyewe.'"

Grisi akaangusha mpini wake topeni.

"Una loku?" Grisi aliuliza, sauti imekauka.

"Nina loku?" Vitufe aliuliza, amekauka kuliko yeye.

"Bonyeza, baba," alisema mama.

Akabonyeza. Kitu kikagonga chini, kah! Matairi yote mawili ya nyuma yakashika pamoja, pikapu ikajikung'uta, ikapanda kutoka kwenye lile shimo ikinguruma. Tukashangilia kama timu yetu imefunga. Kipaza alimbusu Grisi shavuni na tope lake lote.

Shida ikaanza walipofika kwenye lami. Vitufe alikata kona, gari likakataa. Lilikuwa linalia tu, matairi yanakwaruza, linakwenda moja kwa moja, na mbele yake ni benchi na birika la Shangazi.

"Vikombe vyangu!"

"Toa loku, mkwe! Mia mbili na kumi na tano! 'Usitumie kwenye barabara ngumu!'"

Alibonyeza. Gari likageuka, likasimama shubiri moja kutoka kwenye birika. Vitufe akashuka, akazunguka kumfungulia mlango mkwewe, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, nisamehe. Ningekuumiza. Nimejifanya najua."

Mama aliinamia dashibodi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Tukadhani analia, Shangazi akakimbia na maji. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akavua miwani, akapiga dashibodi kwa kiganja, akakohoa, akacheka tena. Vitufe alisimama pale akimtazama, naye akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na hakujali nani anaona.

"Miaka tisa," alisema mama akijifuta macho, "nilidhani binti yangu kaolewa na redio. Kumbe ni mtu." Akanyoosha mkono. "Sasa turudi kwenye tope tukamvute huyo makanika. Nipe ufunguo, naendesha mimi."

"Mama unajua kuendesha?"

"Mara ya mwisho nilikuwa msichana, na lilikuwa trekta," alisema, akihamia kwenye usukani. "Gia ya nyuma ni ipi?"

Shangazi alikumbatia birika. Kipaza alidandia ukuta wa ghala. Mimi nilikimbilia kinyozini, na hata leo sijui nani kati yetu aliyefika mbali zaidi kabla mama hajaipata hiyo gia.